Mkufunzi Achungulie Mwenyewe

Mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi hapa Tanzania hamalizi chuo bila kufanya utafiti mdogo. Anachagua mada, anaandika andiko, anagawa madodoso, anahesabu majibu, kisha anafunga ripoti kwa jalada la plastiki na kuikabidhi. Anayemsimamia ni mkufunzi wake. Na mkufunzi huyo, katika vyuo vingi nilivyofika kufundisha au kutahini, hajafanya utafiti mwingine tangu alipokabidhi ripoti yake mwenyewe ya shahada. Ni fundi cherehani anayefundisha kukata suti kwa kukumbuka suti moja aliyoshona zamani, ambayo hata hivyo haikuvaliwa na mtu.

Nayasema haya nikiwa mtu wa ndani. Nimekuwa muuguzi mkunga, kisha mkufunzi, katika Nyanda za Juu Kusini, na stoo za ripoti hizo nazijua hadi harufu yake. Mvua za Rungwe hazina mzaha. Karatasi ikikaa stoo misimu miwili huota ukungu. Ukizifungua utakuta mada ni zilezile: uelewa, mtazamo na utendaji wa akina mama kuhusu uzazi wa mpango, uelewa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu kunawa mikono. Mwaka unaofuata mada ni hiyohiyo, kilichobadilika ni jina la hospitali. Sura ya mapendekezo nayo haina jipya: serikali iongeze watumishi, na elimu itolewe kwa jamii. Hakuna anayezisoma. Wanafunzi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wananakiliana bila woga.

Mimi ni mzaliwa wa Matwebe, hukohuko Rungwe, na utafiti niliuona kabla sijaujua kwa jina. Wilaya yetu ni ya mito yenye kasi. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka milimani kwa vishindo kwenda Ziwa Nyasa, na maji ya kasi ndiyo anayozaliana ndani yake inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi. Kwingine Afrika ugonjwa huu unajulikana kwa kupofusha watu. Kwetu tuliujua zaidi kwa muwasho: watu wazima waliojikuna usiku kucha kwa gunzi la hindi, wazee ambao ngozi ya miguu yao ilibaki na madoa meupe yasiyotoka.

Siku moja walikuja watu wa utafiti, wakaweka meza na darubini chini ya mparachichi karibu na shule. Walikuwa wanachukua kipande kidogo mno cha ngozi ya nyonga, kisichotoa hata damu, wanakitumbukiza kwenye maji ya chumvi na kusubiri minyoo michanga ya usubi itoke. Watu walinong'ona mengi. Baba yangu hakuwa mtu wa kunong'ona. Ilipofika zamu yake aliuliza kwa sauti, "Ngozi yangu mnaipeleka wapi?" Kijana aliyekuwa kwenye darubini akamjibu, "Haiendi popote, mzee. Subiri kidogo, halafu uje uchungulie mwenyewe." Baba alivua kofia, akafumba jicho moja, akainama pale kwa muda mrefu hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kulalamika. Alipoinuka alisema tu, "Kumbe wanacheza."

Miaka ikapita, Mectizan, dawa ya usubi, ikaanza kugawiwa vijijini bure. Mgawa dawa alipita na fimbo yake ya kupimia urefu ili ajue kila mtu ameze vidonge vingapi, na wengi wakajificha migombani. Sababu ilikuwepo. Ukimeza dawa ile na minyoo michanga ikaanza kufa, muwasho unaweza kuzidi kwa siku kadhaa, na watu wakahitimisha kwamba dawa ndiyo inayoleta ugonjwa. Baba alikuwa wa kwanza kila mwaka. Aliyemjia na habari za dawa ya kufunga kizazi alimjibu kwa Kinyakyusa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: wewe umesikia, mimi nimewaona.

Nilipokuwa mkufunzi niliikuta tofauti hiyohiyo darasani. Wapo wanaofundisha walichosikia, na wapo wachache waliochungulia. Wanafunzi huwatambua ndani ya wiki ya kwanza. Mkufunzi aliyewahi kuhesabu jambo mwenyewe, hata dogo, akiulizwa swali hajibu kwa kupandisha sauti. Anasema, "Hilo tulilitazama, tukakuta hivi, na hapa hatukupata jibu." Huyu wa pili ndiye ninayemtetea. Sidai kila mkufunzi awe mwanasayansi wa majarida. Nadai awe na jambo moja katika somo lake ambalo amelichungulia kwa jicho lake.

Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi. Kila mkufunzi wa ukunga anaifundisha: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo wa mtoto, mstari wa tahadhari, na mstari wa kuchukua hatua uliochorwa umbali wa saa 4 kulia kwake. Kwenye mtihani wanafunzi wanaichora vizuri mpaka unafurahi. Ni wachache wanaoambiwa ilikotoka. Mistari hiyo miwili waliibuni Philpott na Castle katika Hospitali ya Harare, nchi ikiitwa bado Rhodesia, wakachapisha kazi yao mwaka 1972. Shida yao ilikuwa ya kwetu kabisa: mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya mbali ajue ni saa ngapi amwahishe mzazi hospitali, kabla uchungu haujawa msiba. Hawakuagiza jibu kutoka nje. Walikaa na chati za wazazi waliokuwa wakiwahudumia, wakatazama uchungu wa kawaida unakwendaje na uliokwama unajitenga wapi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaipima patografu Asia ya Kusini-Mashariki kwa wanawake zaidi ya 35,000, matokeo yakatoka 1994, na dunia ikaipokea. Mwaka 2020 shirika hilohilo likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, kwa sababu tafiti nyingine zilikuwa zimeonyesha kwamba uchungu wa wanawake wengi hauendi kwa mwendo ule wa mstari wa tahadhari, sentimeta moja kwa saa. Mkufunzi anayeifundisha patografu kama amri iliyoshuka mlimani hataelewa kwa nini imebadilishwa. Atalalamika tu kwamba wizara inasumbua.

Sasa nieleze kisa chetu. Katika hospitali moja tuliyokuwa tukipeleka wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, patografu zilikuwa zinajazwa mtoto akiwa tayari ananyonya. Ukiiona unaijua: wino mmoja, mkono mmoja, mstari ulionyooka kupita maumbile. Chuoni maelezo yalikuwa tele. Vijana wa siku hizi hawana wito. Wauguzi wamezoea. Wanafunzi wanaiga wavivu. Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kuongeza vipindi vya patografu kwenye ratiba.

Sista mkuu wa leba, mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alinisikiliza nikimweleza mpango huo, akacheka.

"Mwalimu, hawa watoto wanajua kuichora kuliko mimi. Vipindi vya nini tena? Wewe njoo usiku."

Nilikwenda usiku. Kisha tukaandika barua kwa mganga mfawidhi, tukaomba ruhusa ya kutazama kumbukumbu bila kuchukua jina la mzazi hata mmoja, tukaipata. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Tulifungua Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yaani ile rejesta ya wazazi, tukalinganisha kila uzazi na fomu yake: alipokelewa saa ngapi, alama ya kwanza iliwekwa saa ngapi, zamu ilikuwa ya nani na wangapi. Karatasi za mistari, kalamu mbili, kikokotoo cha simu.

Picha ilijitokeza mapema. Waliojifungua mchana, fomu zao nyingi zilianza kwa wakati. Waliojifungua usiku, fomu zilianza kwa kuchelewa au hazikuwepo. Wauguzi ni walewale, wanazunguka zamu. Wito wao haupungui jua likizama. Tulipouliza, jibu lilikuwa kabati. Fomu za patografu zilikuwa za kutoa kopi, kopi ni pesa, na zilikuwa zinapotea, kwa hiyo msimamizi wa mchana alizifungia ofisini na kuondoka na funguo saa tisa na nusu. Muuguzi wa usiku, peke yake na wazazi watatu, aliandika alichopima kwenye kipande cha boksi la glavu. Asubuhi kabati lilipofunguliwa alihamishia kwenye fomu. Ule wino mmoja na mkono mmoja uliotukera ulikuwa kunakili. Vipande vya maboksi vilikuwa na saa na vipimo vilivyoandikwa papo hapo, na baadhi yake vilikuwa sahihi kuliko fomu za mchana.

Tuliwasilisha matokeo kwenye kikao cha asubuhi cha hospitali, karatasi moja kwa Kiswahili. Mganga mfawidhi aliuliza swali moja tu: "Funguo anakaa nazo nani?" Siku hiyohiyo fomu zikahamia kwenye toroli la kuzalishia. Usiku wa muuguzi mmoja na wazazi watatu uliendelea kuwa usiku wa muuguzi mmoja na wazazi watatu. Hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini patografu za usiku zilianza kuonekana. Na ufundishaji wangu uligeuka. Niliacha kutumia kipindi kizima kuchora mistari, nikaanza kuwapa wanafunzi wazazi watatu wa mfano kwa wakati mmoja, taa imezimwa, tochi mkononi, waamue nani anapimwa kwanza. Kitu hicho sikukisoma kwenye kitabu chochote cha kufundishia.

Kisa kikubwa cha aina hii nchini mwetu kiko Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, na ningependa kila mkufunzi wa afya akijue kama anavyojua jina la mkuu wake wa chuo. Mwaka 2010 hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliwapa wahudumu wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mdoli na ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa. Mafunzo yalikwenda vizuri. Wahudumu waliopimwa kwa mdoli baadaye walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwingine kote hapo ndipo ripoti ingeandikwa, picha ya pamoja ikapigwa, vyeti vikagawiwa. Haydom walikuwa na jambo moja la ziada: wasaidizi wa utafiti waliokuwa wakishuhudia uzazi mchana na usiku, saa ya kupimia mkononi. Wakaangalia kama watoto halisi, si midoli, wanahudumiwa tofauti. Haikuwa hivyo. Hege Ersdal na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2013 bila kulificha: mafunzo ya siku moja yaliboresha utendaji kwa mdoli, hayakubadilisha kilichofanyika leba.

Nilipoisoma karatasi hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Inasema jambo ambalo kila mwalimu analiogopa moyoni, kwamba mwanafunzi aliyefaulu mbele yako si lazima abadilike ukimpa kisogo. Na inaonyesha cha kufanya na hofu hiyo. Mdoli ukabaki leba badala ya kufungiwa ofisini. Wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, papo hapo kazini, na mazoezi ya dakika 40 kila mwezi. Estomih Mduma na wenzake wakahesabu tena. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, wakachapisha 2015. Kutokana na kazi ya miaka hiyo ulizaliwa mradi mkubwa zaidi, ulioongozwa na Benjamin Kamala kutoka hapohapo Haydom, katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa 2025, na wakunga wa nchi nyingine sasa wanasoma kilichofanyika Geita.

Utaniambia Haydom walikuwa na wafadhili wa Norway, midoli na vifaa. Kweli. Lakini swali lililoanzisha yote halikuhitaji mfadhili. Je, nilichofundisha kimefika wodini? Chuo chochote kinaweza kuliuliza, maana wodi iko ng'ambo ya uzio.

Pesa inatajwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alikuwa anaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Alitaka kujua uvimbe huo unaonekana wapi kwingine Afrika. Akapata ruzuku ya pauni 25, akachapa vipeperushi vyenye picha na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu, wakasafiri wiki 10 hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali moja: uvimbe huu mmeuona? Wakagundua kwamba unafuata joto na mvua, na kwamba kwenye nchi za juu, zaidi ya futi 5,000 hivi karibu na ikweta, haupatikani. Tukuyu, hapa kwetu Rungwe, iko kwenye kimo hichohicho. Daktari au nesi aliyejibu "hapana, hapa hatuuoni" alikuwa amechangia sayansi sawa na aliyejibu ndiyo. Napenda kuwaambia hivyo wakufunzi wanaodhani kituo chao ni kidogo mno kuwa na cha kusema.

Kituo kidogo kina ya kusema, ila lazima mtu aandike. Rungwe tunalijua hilo kwa namna inayouma kidogo. Wawindaji wa vijiji vinavyozunguka Mlima Rungwe walimjua kipunji, nyani wa msituni mwenye mkia mrefu na sauti ya ajabu. Wazee walimtaja, wengine wakidhani ni hadithi za kutishia watoto. Mwaka 2003 Tim Davenport na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi ya uhifadhi milimani kwetu, walizisikia habari hizo walipowahoji wanakijiji. Hawakuzipuuza. Walimfuata msituni, wakamwona, wakamwandika. Mwaka 2005 jarida la Science likatangaza aina mpya ya nyani. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Jina la wilaya yetu limo kwenye vitabu vya dunia, na waliomjua mnyama huyo tangu utotoni hawamo. Silaumu walioandika, maana walifanya kazi yao. Nasema tu kwamba wauguzi wa zamu ya usiku wanajua vipunji wengi.

Basi kwa nini wakufunzi hatuandiki? Jibu la kawaida limekuwa hatujui mbinu, na dawa yake ikawa semina. Nimehudhuria semina za mbinu za utafiti kwenye hoteli nzuri. Tunafundishwa aina za sampuli, tunapewa begi na kalamu, tunasaini posho, tunarudi. Sijaona semina hata moja iliyozaa utafiti ambao mtu hakuwa na swali lake kabla ya kupanda basi. Mbinu hujifunzwa haraka na mwenye swali; asiye na swali huishia na begi la kubebea vitabu vya mtoto.

Kizuizi kikubwa ni muda. Mkufunzi wa chuo cha kati ana vipindi, anasimamia wanafunzi wodini, ni mlezi wa bweni, yumo kwenye kamati ya chakula, na msimu wa mitihani anasahihisha hadi macho yanawasha. Mhadhiri wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa machapisho, kwa hiyo muda wake wa utafiti unaheshimika. Mkufunzi akionekana na rejesta ya wodi ataulizwa kama hana kazi. Mkuu wa chuo mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake, mtu mwema kabisa, alitenga alasiri moja ya kila wiki isiwe na kipindi wala kikao kwa wale waliokuwa na swali la wodini. Hakutoa hata shilingi. Waliojitokeza walikuwa wachache, na hao wachache walitosha.

Mmoja wao alikuwa mkufunzi wa maabara. Wanafunzi wake walikuwa wakipishana na maabara ya hospitali kwenye kusoma slaidi za malaria, na lawama zilikuwa zinaenda kwa wanafunzi kama kawaida. Yeye akaanza kuandika pembeni ya kila slaidi kama ilisomwa umeme ukiwepo au kwa mwanga wa kioo cha darubini. Mpishano mwingi ulikuwa siku za mawingu umeme ukiwa umekatika, na Tukuyu mawingu si mageni. Alichobadilisha ni saa ya zoezi. Mtaalamu wa takwimu atauliza sampuli ilikuwa kubwa kiasi gani, na ana haki ya kuuliza. Mimi niliona mwalimu aliyekoma kuwatukana wanafunzi wake.

Nisieleweke vibaya kuhusu vibali. Kutazama kumbukumbu ili kuboresha huduma kwa ruhusa ya uongozi wa hospitali ni jambo moja. Utafiti unaotaka kuuchapisha, kuhoji wagonjwa au kuchukua sampuli zao ni jambo lingine, na hauanzi bila kibali cha maadili, ama cha kamati ya taasisi inayotambuliwa ama cha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Wapo wanaokwepa njia hiyo kwa kuwa ni ndefu. Mgonjwa aliyelala kitandani ana haki ileile aliyokuwa nayo baba yangu, ya kuuliza kinachochukuliwa kwake kinaenda wapi, na ya kujibiwa.

Na majibu yarudi. Karatasi yetu ya patografu ingeandikwa kwa Kiingereza cha majarida, kabati lingebaki limefungwa. Jarida lina nafasi yake, na yule anayeweza aandike huko, akijihadhari na majarida ya mtandaoni yanayomdai mtu pesa na kuchapa chochote bila kusoma. Lakini wa kwanza kusoma awe sista wa wodi iliyochunguzwa, kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja inayobandikwa ubaoni. Sista akiona swali lake limejibiwa ataleta la pili, na hapo huna haja tena ya kuhamasisha mtu.

Wanafunzi nao wafanye utafiti ndani ya swali la mkufunzi wao, si kila mmoja na mada yake aliyoiokota. Kundi la mwaka huu lichukue zamu za usiku, la mwakani lirudi kuona kama kilichobadilishwa kimedumu. Ripoti zitapungua idadi, zitakuwa fupi, na kunakili kutakuwa kugumu kwa sababu hakuna pa kunakili.

Wakuu wa vyuo vya uuguzi na sayansi shirikishi za afya, anzeni na hiyo alasiri moja kwa wiki, semina zisubiri. Wakufunzi wenzangu wa Mbeya, NIMR ina kituo Mbeya mjini na kingine hapa Tukuyu. Kutoka leba hadi huko ni nauli ya bajaji. Nendeni mkiwa na swali moja, liwe dogo, na mwende pamoja na muuguzi wa zamu ya usiku.